Umekuja Kutembea kwa Nani?

Kuna aina ya makala nimeichoka, na kwa kuwa hapa tunakutana wapenda fasihi, acha niiseme hapa hapa. Ina mwandishi mmoja, begi moja la mgongoni, barabara moja ya vumbi na machweo. Mwandishi katoka Dar, au Nairobi, au ng'ambo. Kashuka Masasi na basi, kayatazama yale majabali yaliyouzunguka mji, kapiga picha, halafu kazikataa Noah za Newala kwa sababu gari la nauli ni la kila mtu. Kasogea nje kidogo ya mji, kapunga mkono, lori limesimama. Aya inayofuata tayari yuko juu ya uwanda wa Makonde, upepo unampiga usoni, naye anatutangazia kwamba hapo, mwisho wa nchi, hatimaye alikuwa peke yake.

Peke yake! Kwani lori lilijiendesha?

Mwaka huu nimesoma nne za namna hiyo. Mbili ni za Kiswahili, na zote mbili zimeandikwa na vijana wetu wenye vipaji. Majina siyataji. Wangekuwa hawajui kuandika nisingepoteza bando langu kubishana nao. Wanajua, na ndiyo maana inauma: mtu ana jicho la kuona rangi ya vumbi saa kumi na mbili jioni, lakini hana jicho la kumwona utingo aliyemshika mkono akampandisha juu ya magunia.

Tuanze na magunia yenyewe. Safari hizi hufanyika Oktoba na Novemba, na wenyewe wanasema wamechagua miezi hiyo kwa sababu kiangazi kinaisha, mvua hazijaanza, njia inapitika na malori yapo. Sawa. Ila hakuna hata mmoja anayejiuliza malori yapo kwa nini. Yapo kwa sababu ni msimu wa korosho. Mzigo unatoka kwenye vyama vya msingi, unakwenda maghala makuu, unasubiri mnada. Mkulima amebaki na karatasi mkononi na hesabu kichwani: bei ya mnada huu imekuwaje, makato mangapi, hela itaingia lini. Katika miezi hiyo kila mtu aliyeko barabarani kati ya Newala na Masasi ana korosho ndani ya safari yake, hata kama hana gunia. Yule mama anakwenda benki kuuliza. Yule kijana anafuata deni alilokopesha Machi kwa ahadi ya "korosho ikitoka". Yule mzee anamrudisha mjukuu shule kwa hela ambayo bado haijaingia. Halafu mwandishi wetu anakaa juu ya mzigo wenyewe, korosho zinamchoma makalio, anaandika kuhusu ukimya.

Na lifti yenyewe. Ukisoma makala hizi utadhani lifti ni ukarimu wa barabara, kitu kinachodondoka kama embe. Huku kwetu lifti ni makubaliano. Lori la mizigo halina ruhusa ya kubeba abiria. Dereva analijua hilo, trafiki analijua, wewe unalijua. Kwa hiyo kuna hela ya chai, na anayeipokea ni utingo, kwa sababu tajiri wa gari hatakiwi kusikia. Kuna nani akae kabini na nani apande juu, na hapo kuna adabu yake: mjamzito, mgonjwa na mzee kwanza, na mgeni mwenye begi kubwa huwa anafikiriwa kwa sababu anaonekana ana hela. Kuna kushuka kabla ya kizuizi, mkatembea kundi zima na mizigo yenu kichwani kama watu mnaotoka shamba, mkalikuta gari mbele limewasubiri. Mwendo huo mfupi una vichekesho, woga, na mshikamano wa watu ambao dakika kumi zilizopita hawakujuana. Sijauona katika makala hata moja. Ama waandishi wetu wote walikaa kabini, ama walitembea nao wakaona hautoshi kuitwa kutembea.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye hilo neno.

Kiswahili chetu kina ukorofi wake mzuri. Kutembea ni kwenda kwa miguu, ndiyo, lakini kutembea ni kwenda kwa mtu pia. "Shangazi amekuja kutembea" hakuna anayesikia miguu hapo. Tunasikia kuku anachinjwa. Mtu akifika kijiji cha Newala akasema "nimekuja kutembea", swali litakalofuata ni moja tu: kwa nani? Nimewaona wageni wakilishangaa swali hilo, wengine wakiliona la kipolisi. Si la kipolisi hata kidogo. Anayekuuliza anatafuta pa kukuweka, anataka kujua ulale wapi, ule kwa nani, ukiugua aitwe nani. Jibu la "kwa hakuna mtu, natembea tu" linawahuzunisha watu. Wanakuona umefiwa, au umekimbia, au kichwani hauko sawa.

Lugha nyingine zina maneno tofauti kwa mwendo wa miguu, matembezi ya kujiburudisha na ziara ya kuwaona ndugu. Sisi tumevitia vyote kapu moja. Mwandishi wa Kiswahili anapoandika "nilitembea siku tatu peke yangu", lugha yenyewe inamguna. Ana haki ya kubishana nayo, fasihi ndiyo kazi yake. Lakini abishane! Asijifanye hakusikia. Hawa wetu wameuchukua mtindo mzima kutoka vitabu vya kigeni, hata sentensi zinanuka safari ya Skandinavia mwishoni mwa vuli: msitu mtupu, barabara tupu, gari moja kila baada ya saa tatu, mwanadamu na moyo wake. Huko Kaskazini pengine ndivyo kulivyo, na anayeandika hivyo anasema kweli. Ukiupandikiza upweke huo kati ya Masasi na Newala, ambako huwezi kukaa chini ya mwembe dakika tano bila kuulizwa za nyumbani, inabidi ufute watu. Hakuna njia nyingine ya kuupata.

Na kufuta watu barabarani kuna historia ndefu huku, ndiyo maana silioni kama suala la mtindo tu.

Mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani akaifuata Ruvuma kuelekea bara. Vitabu vya shule vilituambia "Livingstone alisafiri". Walioibeba safari, na miaka saba baadaye wakaubeba mwili wake mpaka pwani, waliitwa waaminifu, basi. Abdullah Susi na James Chuma walipelekwa Uingereza mwaka 1874, na huko walimsaidia Horace Waller kuyaweka sawa majarida ya mwisho ya bwana wao. Jalada la kitabu ni la Livingstone.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji havijapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita njia zetu hizi hizi: Lindi, Masasi, Newala, Mahuta. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya picha zinazotembea, na watu wa kuvibeba vyote hivyo. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Alice Werner. Ni kitabu cha mtu wa dola iliyokuwa inatutawala, chenye dharau zote unazozitegemea, sitakitetea. Lakini kifungueni. Wapagazi wake wamo. Wanyamwezi wamo, wanaimba. Mmoja anaitwa Pesa Mbili, na jina hilo peke yake lina riwaya ndani yake. Weule hakuthubutu kusema alikuwa peke yake Newala. Ingekuwa uongo wa mchana kweupe, na mizigo ingemuumbua. Sasa nambieni imekuwaje Mjerumani wa 1908 awakumbuke wapagazi wake kwa majina, na kijana wa Kitanzania wa leo ashindwe kutuambia dereva wake alikuwa anaitwa nani.

Tena sisi hatuna kisingizio cha kukosa mfano. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu cha Kiswahili kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndiyo, alikikusanya Mjerumani, ndiyo, wengi wa walioandika walikuwa na mwajiri wa Kijerumani mahali fulani. Hata hivyo kalamu ni yao. Mmoja ni Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Bumiller mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Siberia! Wanaotaka nchi za mbali kaskazini, baridi na barabara zisizoisha, zimekwisha kuandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 120 iliyopita, na aliyeziandika alikuwa mtumishi. Mtumishi hana nafasi ya kujifanya yuko peke yake. Anajua nani ameagiza farasi, nani amelipa, chakula kimetoka wapi. Macho yake yamefunzwa na kazi. Baadhi ya maandishi ya kitabu hicho tulirudishiwa na Lyndon Harries katika mkusanyo wake wa nathari ya Kiswahili wa mwaka 1965, na Harries mwenyewe aliwahi kuwa kasisi huku huku, Dayosisi ya Masasi. Kwa hiyo mtu anayeshuka stendi ya Masasi akidhani anaanzisha uandishi wa safari wa Kiswahili, kwa kweli amechelewa kidogo.

Masasi yenyewe, kama tunataka kuzungumzia watembea kwa miguu, ina kisa ambacho ningekipa kurasa ishirini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule wa sarufi ya Kiswahili, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipanda kutoka Lindi kwa miguu. Walipofika kwenye majabali ya Masasi wakaiona ardhi, wakaona maji, wakasema: hapa. Hawakuendelea. Hebu fikirieni watu ambao mara ya kwanza walitembezwa kwenda pwani kwa minyororo, na mara ya pili wanatembea kurudi, halafu katikati ya njia wanajiamulia wenyewe mahali pa kusimama. Mji wa kanisa chini ya mlima Mtandi umeanzia kwenye uamuzi huo wa kutotembea tena. Mwandishi anayepita hapo akitafuta uhuru wa kuendelea mbele, amepishana na uhuru mwingine kabisa bila hata kuusalimia.

Ukifika Newala utapelekwa Shimo la Mungu, na utapelekwa kweli, kwa sababu watu wanajivunia. Ukingo wa uwanda unakatika ghafla, bonde la Ruvuma linatandazika chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Makala zote nne zinaishia hapo, na zote zimetumia neno "utupu" au dada yake. Mimi napapenda mahali pale. Ila nasoma "utupu" najiuliza umeonwa kwa macho gani. Juu ya uwanda hakuna mito. Mchanga unaimeza mvua yote. Maji yalikuwa chini, na wanawake wa Kimakonde waliteremka ukingo huo na kuupanda na mitungi vichwani, vizazi na vizazi, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kwa pampu katika miaka ya 1950. Pampu ikigoma, hata leo, ndoo zinaanza kutembea upya. Na miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964, watu walivuka Ruvuma wakapanda huko huko, watoto mgongoni, wengine usiku. Kila njia ya miguu anayoipiga picha mwandishi kule chini ilichimbwa na nyayo za mtu mwenye mzigo. Aseme ni pazuri, sawa, ni pazuri. Patupu hapajawahi kuwa.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa insha si ripoti ya kata, kwamba mwandishi ana haki ya kuchagua, kwamba upweke ni jambo la ndani na mtu anaweza kuwa mpweke Kariakoo. Hili la mwisho nalikubali, na ningependa sana kusoma insha ya mtu aliyekuwa mpweke juu ya magunia akiwa amebanwa na watu tisa wanaotaniana kwa makabila yao, Mmakua na Mmakonde na Myao, yeye hajui acheke wapi. Hiyo ni kazi. Kuwaondoa wale tisa ndiyo njia ya mkato.

Wengine hunipiga kwa methali: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kweli. Lakini wahenga hao hao walisema mtembezi hula miguu yake, na sisi wa kusini tunaijua hiyo ya pili kwa njaa.

Kuna jambo jingine ambalo makala hizi hazithubutu kuligusa: nani anaweza kusimama barabarani akapunga mkono. Waandishi wote wanne ni wanaume. Msichana wa umri wao akisimama peke yake pale jua linapozama hatapata sentensi kuhusu uhuru. Atapata madereva wenye maswali. Dada zetu wanaosafiri kwa malori, na wapo wengi tu, husafiri wawili wawili, au humtafuta mama mtu mzima wakajifanya wanawe, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye huwaita: "Wanangu, njooni mkae hapa." Kwao watu wengine barabarani ni kinga. Ukishalijua hilo, lile "peke yangu" la kiume linaanza kusikika kama majivuno ya mwenye funguo anayeshangaa kwa nini wengine wanabisha hodi.

Halafu kuna lami. Mmoja wa wale wanne ameandika, kwa huzuni ya kishairi, kwamba anaomba lami isifike haraka, isije ikaiua safari. Nilifunga simu nikatoka nje. Barabara ya Mtwara, Newala mpaka Masasi ni kilomita 210, na watu wameisubiri lami yake tangu babu zao. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kilitangulia. Zile 160 zilizobaki, kupitia Tandahimba na Newala mpaka Masasi, zikawa za kungoja. Nimewahi kumsindikiza jirani kwenye njia hiyo akiwa na uchungu wa uzazi, wakati wa mvua. Sitaeleza zaidi. Nasema tu kwamba ubovu wa barabara una watu wanaoulipia, na mwandishi anayeufurahia anawadai walipe tena ili yeye apate aya.

Nisiwabebeshe vijana lawama yote. Nyuma yao wapo wahariri. Mwaka jana binti mmoja wa Kitangari alinionyesha insha yake. Alisafiri na mama yake kwa fuso kwenda Masasi kufuatilia malipo ya korosho ambayo hayakuingia. Ndani yake kulikuwa na mabishano ya nauli yenye kurasa mbili nzima, kuna mzee aliyeshika jogoo njia yote akimzungumzisha kama mtoto, kuna kushuka kabla ya kizuizi, mama anakataa kutembea kwa sababu magoti hayamruhusu, na utingo anamfunika kwa turubai katikati ya magunia akimwambia, "Bibi, wewe sasa ni korosho, usikohoe." Pale benki jibu lilikuwa mje Jumatatu. Wakarudi. Insha ikaishia kwenye kurudi, giza limeingia, mama anahesabu upya hela iliyobaki kwa kuipapasa.

Mhariri aliyempelekea, simtaji, aliirudisha na maelezo ya kirafiki. Lugha nzuri, alisema, ila watu wamezidi, msomaji anapotea. Amtafute yeye mwenyewe ndani ya safari, mandhari apewe nafasi, habari za korosho zipunguzwe kwa kuwa si kila msomaji ni wa kusini.

Binti ni msikivu. Kaandika upya. Mama hayumo, jogoo hayumo, turubai limebaki lakini linapigwa na upepo tu. Yuko yeye juu ya lori na nyota. Nimezisoma zote mbili, na ameniruhusu niseme haya bila jina lake. Ya pili imekubaliwa, inatoka mwezi ujao.